Jina Lako Limesomwa

Kama uliishi Bukoba au Muleba miaka ile na hukuwahi kuambiwa "Nyamaza, vifo vinasomwa," basi ama wewe ni kiziwi, ama ulikuwa mpita njia. Saa saba mchana ikifika, mashine za kusaga zilizimwa, mwiko ulisimama kwenye sufuria, na mama aliyekuwa anamchapa mtoto alimwachia kwanza asikilize. Halafu msomaji wa redio anaanza: "Matangazo ya vifo." Maneno matatu tu, tena polepole, na mji mzima unatulia.

Mimi nilikuwa mtu wa dirishani. Redio yetu ilikuwa kwenye nyumba ya chini kule Rwamishenye, na ilikuwa na dirisha moja linalotazama barabara. Hapo ndipo wafiwa walipoleta karatasi zao. Nilizipokea, nikawauliza yasiyoeleweka, nikanakili upya kwa mwandiko wa kusomeka, nikampelekea yeye. Kwa miaka kumi na minne mimi nilikuwa wa kwanza kujua nani amekufa, yeye akawa wa pili. Jina lake silitaji. Alitaja majina ya watu wa mkoa mzima, lake hakulitaja hewani hata siku moja, nami nitamfuata katika hilo. Watu walimwita Msomaji, nami nilimwita Mzee.

Sasa, kwa wasio wa huku, lazima niseme tangazo letu la kifo lilivyo, la sivyo hamtaelewa kitu. Kwanza anatajwa marehemu na mahali alipofia. Pili, siku na saa ya mazishi. Tatu linakuja neno "Habari ziwafikie," na hapo yanafuata majina: shangazi wa Rubafu, mjomba wa Ngenge, shemeji aliyehamia Geita. Mgeni anadhani hiyo ni adabu tu. Siyo adabu, ni wito. Jina lako likisomwa unakwenda, uwe unaumwa jino, uwe uligombana na marehemu mpaka mkafikishana barazani. Nina jirani ambaye jina lake lilisomwa akabaki anapalilia kahawa yake. Mama yake alipofariki, watu walikuja wakasimama barabarani, wakasema "Pole sana," wakaondoka. Kaburi alichimba mwenyewe na mashemeji wawili. Mpaka leo ukimuuliza mtu kwa nini anaogopa kukosa msiba, atakuambia habari za huyo bwana.

Ndiyo maana Msomaji hakuruka jina. Mfiwa akileta majina arobaini, arobaini yatasomwa, hata kama taarifa ya habari inasubiri mlangoni. Aliyeachwa kutajwa alikuja dirishani kwangu akifoka kama aliyeporwa shamba. Mzee alikuwa na msemo wake: "Karatasi ya mfiwa haiguswi. Mimi ni mdomo tu." Wakati ule niliona ni msemo mzuri.

Alikuwa na mambo yake, huyo mtu. Alivua viatu kabla ya kusoma, na alisoma amesimama. "Huwezi kumtangaza mtu aliyelala moja kwa moja," alisema, "na wewe umekaa umekunja nne." Alitafuna kipande cha tangawizi, akakitema kwenye kitambaa, akakikunja mfukoni. Msimu wa senene alikuja na senene wa kukaanga kwenye karatasi, akala wote peke yake, kisha akanilaumu kwamba sikumkumbusha kuniachia. Kila asubuhi alitoka mpaka dirishani kuwauliza wafiwa: "Huyu Kokugonza ni yule wa juu ya kanisa au wa chini?" Hakutaka Kokugonza wa chini azimie jikoni kwake bure.

Waislamu wa mjini walimheshimu kwa jambo moja. Maiti yao haisubiri kesho, na wakileta karatasi saa yoyote, alikatiza chochote kinachoendelea, muziki, mahubiri, hata mpira wa fainali. Siku moja meneja alimjia juu kwa sababu ya mpira huo. Akamjibu: "Goli watalirudia. Maziko nani atayarudia?"

Na mimi alinitania bila huruma. "Dada wa Dirishani, kwa mwandiko huu hata marehemu angekataa kufa." Nilimjibu kwamba akitaka mwandiko wa mashine aoe mashine. Tulipatana hivyo.

Lakini msidhani alikuwa mtu wa huzuni. Jumamosi alikuwa mshereheshaji wa harusi! Koti lile lile, sauti ile ile. Bwana harusi mmoja aliposikia "Mabibi na mabwana" alijishika kifua, ukumbi ukavunjika kwa kicheko. Alicheza, alikunywa rubisi kwa kibuyu, aliwatania mama wakwe mpaka wakajifunika khanga usoni. Mtu huyo huyo msibani hakukanyaga. Alituma mkungu wa ndizi, alituma kahawa ya kutafuna, yeye mwenyewe haonekani. Ukimuuliza anasema, "Mimi nimeshamzika saa saba." Nilimwambia waziwazi kwamba huo ni woga. Alicheka tu. Nilikuwa sahihi, na ninasema hivyo bila furaha.

Kuna kanuni moja ambayo ilimkera tangu siku ya kwanza niliyomjua. Redioni hairuhusiwi kutangaza kwa lugha ya kabila, ni Kiswahili tu, na kanuni hiyo tuliifuata kwa sababu leseni ni leseni. Bibi zetu wa vijijini Kiswahili chao ni cha sokoni: bei gani, pole, asante. Kihaya pekee kilichopita hewani kwa halali kilikuwa majina ya watu na ya vijiji. Alinionyesha hilo mwenyewe siku moja akiwa anavaa viatu. "Unaona, Dada? Serikali imewaachia bibi zako majina tu."

Dada yake mkubwa alikuwa mmoja wa hao bibi. Ndiye aliyemlea, na Mzee alimwita Ma, kwa hiyo sote pale ofisini tulimwita Ma. Aliishi Rubafu kwenye kibanja cha migomba cha marehemu mumewe. Mara mbili au tatu kwa mwaka aliteremka mjini na kikapu, mguu mmoja unachechemea, akapitia dirishani kwangu kabla ya kumwona mdogo wake. Nilimwuliza siku moja kwa Kihaya kama anapenda redio yetu. Akaniambia, kwa lile neno letu la upole: "Anachosema sikielewi, waitu. Nawaelewa anaowaita." Na hakukosa msiba hata mmoja ambao jina lake lilisomwa. Alikuwa mmoja wa wale wanawake wanaoingia moja kwa moja ndani, wanaketi kwenye nyasi zilizotandikwa, wanamshika marehemu, wanamwosha, wanamfunga kidevu. Kuna watu wamezaliwa kwa kazi hiyo.

Niseme kwanza habari za korona, kwa sababu ndipo Mzee alipovunjika, ingawa hatukuona. Wakati ule karatasi zilikuwa nyingi dirishani, na wafiwa walikuwa wameanza kuandika "changamoto ya upumuaji." Ikaja simu, kisha barua: maneno hayo yasisomwe, yanaleta hofu. Tukaelekezwa kuandika "kuugua kwa muda mfupi." Mimi ndiye niliyekuwa nafuta na kuandika. Siku moja nilikuwa nimechoka, nikasahau karatasi tatu, naye akazisoma kama zilivyo: changamoto ya upumuaji, changamoto ya upumuaji, changamoto ya upumuaji. Watu wa serikali walimfuata kesho yake asubuhi, wakaondoka naye. Alirudi jioni hana tai.

"Wamekuuliza nini?" nikamwuliza.

"Wameniuliza nani kanituma."

"Ukasema?"

"Nikasema marehemu." Akatabasamu kidogo. "Hawakucheka."

Alisaini karatasi fulani kule, sijui iliandikwa nini. Makosa yalikuwa yangu na sikwenda kusema ni yangu. Nilimwomba radhi, akasema, "Achana nayo, karatasi ya mfiwa haiguswi." Lakini tangu siku hiyo tukio lolote la ugonjwa likitajwa alitazama mlango kwanza. Nilimwona, nikajifanya sijamwona.

Halafu ukaja mwaka wa ile homa ya kutapika damu.

Karatasi ya kwanza ilitoka kijiji kimoja upande wa Muleba, mwanamume wa makamo, "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Hilo lilikuwa limeshakuwa neno la kawaida, halikunishtua. Siku kadhaa baadaye ikaja ya mke wake. Kisha kaka yake. Kisha mama aliyekuja kumsaidia mke. Mimi karatasi zilizosomwa nilizichoma kwenye msumari ukutani, miezi na miezi. Nikazishusha, nikazipanga mezani. Mawe, mama yangu! Majina yaliyokuwa kwenye sehemu ya tatu ya karatasi ya kwanza yalikuwa yanahamia juu, kwenye sehemu ya kwanza ya karatasi zilizofuata. Walioitwa kuzika ndio waliokuwa wanazikwa.

Nilimpelekea Mzee. Hakuzitazama. Alitoa mfukoni kipande cha karatasi kilichokunjwa, na majina ni yale yale, kwa mwandiko wake.

"Nilidhani ni macho yangu," akasema.

Tulikwenda wote wawili kwa meneja. Meneja wetu hakuwa mtu mbaya, nataka hilo lieleweke, alikuwa mtu mwenye leseni. Alifungua droo akatuonyesha barua mpya. Taarifa yoyote ya ugonjwa itatolewa na msemaji aliyeidhinishwa pekee, na vyombo vya habari vijiepushe kuzua taharuki. Tayari kulikuwa na kijana aliyeandika mitandaoni kwamba watu wanatapika damu, na alikuwa ameitwa kuhojiwa. Magazeti yaliandika kwamba huo ni uzushi.

"Mimi sitaki kutaja ugonjwa," Mzee akasema. "Nataka sentensi moja mwishoni. Waombolezaji wasiguse mwili wa marehemu. Basi."

"Ukisema wasiguse, watauliza kwa nini."

"Waulize."

"Wakiuliza, tumeshatangaza ugonjwa."

"Basi nisisome kabisa matangazo ya kijiji kile."

Meneja akaweka mikono kichwani. "Mzee wangu, wewe ukinyamaza saa saba, mkoa mzima utajua kuna kitu. Soma kama kawaida. Wakubwa wanajua, wataalamu wameshachukua vipimo, wakitangaza sisi tutatangaza usiku na mchana. Tusubiri siku mbili tatu."

Ugonjwa haukusubiri siku mbili tatu. Wiki hiyo hiyo, Alhamisi asubuhi, alikuja mtu dirishani macho mekundu, hata salamu hakuitikia, akasukuma karatasi. Marehemu alikuwa mwanamke, na baadaye nilijua kwamba ndiye aliyewaosha wawili wa kwanza. Mazishi kesho saa nane. Nikaanza kunakili. Habari ziwafikie... Nikafika jina la nne, kalamu ikasimama. Lilikuwa jina la Ma wa Rubafu. Marehemu alikuwa wifi yake, dada wa mumewe.

Nilimpelekea mkononi, sikuiacha mezani kama siku zote. Aliisoma midomo ikicheza.

"Mzee, ruka jina moja," nikasema. "Moja tu. Mimi ndiye niliyenakili, nitasema nilisahau."

"Na hao wengine saba? Wao hawana ndugu?"

"Basi ongeza ile sentensi yako! Wakufuate, wakufunge, hutakuwa peke yako, nami nitakwenda."

Akanitazama. Alikuwa na macho ya mtu aliyeulizwa bei ya kitu asichokuwa nacho. Akainama akavua viatu, akaingia.

Nilisimama nyuma ya kioo. Alisoma kwa sauti ile ile. Akamtaja marehemu, akataja saa nane, akataja jina la kwanza, la pili, la tatu. Jina la nne alilisoma wazi kuliko mengine yote, kwa sababu alilijua vizuri. Alipomaliza la nane akanyamaza. Nilidhani sasa ataisema. Nilisogea mpaka paji la uso likagusa kioo. Akavuta pumzi, akasema, "Mungu awalaze mahali pema," akafunga maiki.

Nilimchukia siku ile. Sioni sababu ya kuficha.

Alipotoka hajavaa viatu, alichukua simu akaiweka mezani, akawasha spika, kwa hiyo nikasikia yote. Akampigia dada yake. Waliongea Kihaya.

"Nimesikia jina langu," Ma akasema kabla ya salamu. "Nafunga mzigo."

"Ma, nakuomba usiende."

"Nini?"

"Usiende. Au ukienda, kaa nje. Usimguse."

Nikasikia anaweka mzigo chini. Halafu: "Umeniita mbele ya watu wote, majirani wamekuja kunipa pole, sasa unaninong'oneza kwenye simu nisiende?"

"Kuna ugonjwa kule, Ma."

"Redioni umesema kuna ugonjwa?"

"Sikusema."

"Kwa nini hukusema?"

Mzee akatazama mlango.

"Huo ugonjwa ungekuwepo, ungesema," Ma akasema, taratibu kabisa, kama anayemtuliza mtoto. "Wewe hudanganyi kwenye redio. Nenda ukale, nasikia sauti yako haina chakula." Akakata.

Alikwenda. Alifika jioni, akaingia ndani, akaketi kwenye nyasi, akafanya kazi yake.

Tangazo la serikali lilikuja siku ya nne baada ya hapo. Basi hapo ndipo tulipoona redio inavyoweza kuzungumza ikiruhusiwa! Magari, barakoa, ndoo za maji ya klorini kila mlango, waandishi kutoka miji mikubwa waliokaa siku moja, wakapiga picha kaburi na mbuzi, wakaondoka. Vichwa vya habari vikawa vikubwa kuliko kijiji chenyewe. Mabasi yakakataa abiria wa kule, wanunuzi wakakataa ndizi za kule. Tukaletewa matangazo ya elimu yaliyorekodiwa mbali, wanawake wawili wanaongea Kiswahili cha pwani, "Hee shoga, umesikia ya leo?" Wanawake wetu walicheka sana. Walijifunza neno shoga, ya ugonjwa hawakuyashika. Mzee aliomba ayaseme kwa Kihaya, dakika mbili tu. Wakamwambia kanuni haijabadilika.

Wataalamu wa afya walikuwa wanatafuta waliohudhuria mazishi. Mimi ndiye niliyewaambia kuhusu msumari wangu. Nilifikiri nafanya jema, na pengine lilikuwa jema. Walichukua karatasi, wakatoa orodha, wakamwomba Msomaji asome hewani: wafuatao wafike kituo cha afya kwa uangalizi. Akasoma. Sauti ile ile, saa saba ile ile, majina yale yale, na la Ma limo.

Jamani, hata mtu asiyesoma angejua kitakachotokea. Mara ya kwanza sauti hiyo iliwaita kulia, wakaenda, wakaanza kufa. Mara ya pili inawaita wapi? Tayari walishasikia kwamba wanaotajwa wanabebwa na gari na hawarudi. Kabla muziki haujaanza baada ya tangazo, watu walikuwa wameshaingia migombani. Wataalamu walikuta nyumba zimefungwa na chungu kiko jikoni. Na wale waliokimbia walikimbilia kwa ndugu, vijiji vingine.

Ma hakwenda mbali, mguu haukumruhusu. Alijificha kwenye banda la kuhifadhia kahawa, chini kabisa ya kibanja. Mzee alikwenda Rubafu na gari la afya kwa sababu bila hilo gari asingeruhusiwa kufika. Dereva ndiye aliyenisimulia. Mzee alisimama uani akamwita kwa jina lake la utotoni. Ma akajibu kutoka migombani, asionekane: "Umekuja na gari?" Akasema ndiyo. "Basi si wewe uliyekuja." Na hakujibu tena, hata alipoita mpaka sauti, ile sauti, ikakauka. Wataalamu walitafuta, hawakuliona banda. Siku tano baadaye jirani alifuata harufu.

Walimzika watu wa nguo nyeupe. Mzee alionyeshwa pa kusimama, mbali, karibu na barabara, akasimama hapo. Nyasi hazikutandikwa, wanawake hawakuingia ndani, kidevu hakikufungwa na mtu anayemjua.

Kesho yake alikuja dirishani kwangu, upande wa nje, wanaposimama wafiwa. Aliniletea karatasi. Aliandika vizuri, sehemu zote tatu. Nilimpelekea meneja, na meneja akalia, kweli alilia, akasema haiwezekani: agizo jipya linakataza kutangaza mazishi ya ugonjwa huo ili watu wasikusanyike. Agizo hilo lilikuwa sahihi. Lilipaswa kuja wiki tatu nyuma. Nilirudi nikamwambia Mzee. Akaichukua karatasi, akasema, "Sawa, waitu," akaingia ndani kusoma za wengine.

Ugonjwa ulipotangazwa kwisha kulikuwa na sherehe uwanjani, turubai, ngoma, hotuba ndefu. Mzee alipewa cheti kwa mchango wake wa kuelimisha umma. Alikipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akapigwa picha. Jumatatu hakuja kazini. Nilipewa nafasi yake mimi, kwa sababu nilizijua karatasi. Tangu hapo ni sauti yangu mnayoisikia saa saba. Hainyamazishi mashine za kusaga, nakiri.

Juzi nilikwenda kumwona Rubafu. Anaishi kwenye kibanja cha dada yake. Amekonda, ndevu nyeupe, amefunga shati kiunoni, anapogoa majani makavu ya migomba. Nilimsabahi, "Shikamoo Mzee," akaitikia bila kushangaa, akanipa kigoda. Tuliongea habari za mvua, za bei ya kahawa, za goti langu. Aliniuliza kama bado naandika vibaya. Nikasema vibaya zaidi, kwa sababu sasa najisomea mwenyewe. Akacheka, na kwa muda mfupi nikaona ni yeye.

Halafu nikatoa karatasi mbili kwenye mkoba. Zilitoka kijiji kingine, mbali kabisa na kile cha kwanza. Baba na binti, siku sita zimewatenganisha, "baada ya kuugua kwa muda mfupi." Binti alikuwa kwenye sehemu ya tatu ya karatasi ya baba. Na ya binti ndiyo niliyotakiwa kuisoma siku hiyo.

Aliziangalia mbali na uso, hana miwani.

"Umemwonyesha meneja?"

"Nimemwonyesha. Amefungua droo."

Akatikisa kichwa polepole, akanirudishia.

Nilikuwa nimekuja na swali moja, nimelibeba kutoka Rwamishenye, na nilikuwa najua jibu ninalolitaka. Nilitaka aniambie kile ambacho kimemkaa rohoni miaka hii, nikitumie kama fimbo ya kutembelea. "Mzee," nikasema, "kama ungekuwa wewe leo, na unayajua unayoyajua, ungeongeza ile sentensi?"

Alilitazama banda la kahawa kule chini, paa limeshazama upande mmoja. Nilidhani analia, lakini alikuwa anafikiri tu, kwa makini, kama alivyokuwa akifikiri jina la Kokugonza.

"Hapana," akasema.

"Hapana?"

"Ningependa kukudanganya, Dada. Nimejiuliza kila siku hapa. Kila siku naingia mle studioni, navua viatu, nafika jina la nane. Na kila siku naona mlango." Akaokota jani kavu, akalikunja. "Nisamehe."

Nilikasirika. Nilimwambia maneno ambayo mtu mzima haambiwi. Nilimwambia Ma alimlea bure. Hakubisha. Alinisindikiza mpaka barabarani nilipoiacha pikipiki, akaniambia niwahi, saa saba inakaribia.

Niliwahi. Meneja alikuwa amesimama koridoni, akakohoa tu. Niliingia studio, nikaweka karatasi mezani. Nilimtaja binti, nikataja kijiji, nikataja mazishi kesho saa tisa. Nikasema habari ziwafikie, nikasoma majina kumi na mawili, moja moja, wazi, watu wayasikie mpaka majikoni. Nilipomaliza nikanyamaza. Taa nyekundu ilikuwa bado inawaka, na hakuna aliyekuwa amenishika mdomo. Nikasema Mungu awalaze mahali pema, nikafunga maiki.